Dola Saba na Robo kwa Saa

Mpwa wangu, juzi ulinipigia kutoka Majengo ukaniuliza, "Mjomba, huko Texas kibarua wa chini kabisa hulipwa ngapi?" Nilikujibu mbio mbio kwa kuwa nilikuwa naingia kazini. Leo nakujibu sawasawa.

Sheria ya Marekani yasema dola 7.25 kwa saa. Kiwango hicho kiliwekwa Julai 2009 na hadi leo hakijaguswa, ilhali kodi ya nyumba, mayai na petroli havikungoja. Majimbo mengi yamejiwekea kiwango cha juu zaidi, Texas haimo. Huko kwenu Kenya angalau kiliongezwa asilimia 6 mwaka 2024, ingawa nawajua vibarua wa Mombasa wasiokiona hata hicho.

Sasa usianze kuzigeuza shilingi. Wengi hapa hulipwa zaidi ya hizo 7.25, hata mimi nilianza na dola 10, nikisafisha makao ya wazee. Lakini saa 40 kwa wiki hazikulipa nyumba, nikatafuta kazi ya pili ya usiku. Miaka miwili usingizi wangu ulikuwa wa saa nne tu kwa siku. Presha ikapanda. Bima sikuwa nayo, na Texas imekataa kupanua Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa maskini, kwa hivyo mtu wa makamo asiye na mtoto, mimba wala ulemavu hapati, awe maskini namna gani. Nikawa nakata kidonge kwa kisu cha jikoni, nusu leo, nusu kesho, na unga uliobaki kibaoni naulamba kidoleni.

Jirani yangu mwanawe alishikwa na homa. Akampa dawa alfajiri akampeleka shule vivyo hivyo, maana kukosa kazi siku moja ni kukosa pesa ya siku hiyo. Hakuna sheria ya taifa inayomlazimisha mwajiri kumlipa mgonjwa. Saa nne shule ikampigia. Hakupokea. Kazini kwao simu hufungiwa kabatini.

Uingereza walipoanza kuweka kima cha chini cha mshahara cha taifa zima, Aprili 1999, watafiti walikuta waliopandishiwa mshahara wamepungukiwa na dalili za sonona. Mimi naliamini hilo kwa mwili wangu: siku hizi napata dola 16, kazi moja, bima ipo, na presha imeshuka.

Ukipata kazi ya huku, kabla ya kuuliza saa moja hulipwa ngapi, uliza: bima ipo? Nikiugua nalipwa?

Na mwambie mamako asikate vidonge vyake. Pesa nimetuma leo asubuhi.