Re: Mbona sokwe ana manyoya na sisi hatuna?

Ndugu yangu umeuliza eti kama sisi na sokwe wa kule msitu wa Kibale, Uganda, ni ukoo mmoja, mbona sisi tumebaki uchi hivi. Kwanza nywele hazijaisha, nyoosha mkono juani utaviona vinyweleo, ni vile vimekuwa vidogo tu.

Maelezo yanayonikaa mimi ni ya jasho. Mababu walitoka kivulini wakaanza kutembea na kukimbia mbugani mchana, mwili unachemka, na jasho linapoza pale linapokauka kwenye ngozi, sasa likinasa kwenye manyoya mazito litakauka saa ngapi? Tuna tezi za jasho kama milioni 2 hadi 4. Mbwa yeye anahema tu ulimi nje, lakini muone mtu wa boda stejini saa saba, shati limegandana na mgongo na bado anakupeleka. Bila jasho hata Cheptegei, yule mkimbiaji wa Uganda wa Kapchorwa, asingemaliza mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 11 mwaka 2020.

Nywele za kichwani zikabaki kukinga utosi na jua. Za kwapani hizo wataalamu bado wanabishana. Halafu sokwe sio babu yetu bwana, ni binamu.