Kabla ya Kununua Jezi ya Besiboli ya Japani, Uliza Ukoo wa Timu

Mwaka wangu wa kwanza wa masomo mjini Fukuoka nilimweleza mzee mwenye nyumba niliyopanga kwamba nimeanza kuipenda Hawks, timu ya mji wake, naye akajibu kwa adabu kwamba yeye ni mtu wa Lions. Nilidhani amehamia pale kutoka Saitama, makao ya sasa ya Lions, kumbe hajawahi kuishi nje ya Kyushu, kisiwa chenye mji wa Fukuoka.

Nawashauri wanaoanza kuufuatilia mchezo huu waligawe jina la timu sehemu mbili: la kampuni, ambalo ni la kupita, na la mnyama, ambalo ndilo la ukoo. Lions walizaliwa Fukuoka chini ya kampuni ya reli ya Nishitetsu, wakatwaa ubingwa wa taifa mwaka 1956, 1957 na 1958. Baada ya kashfa ya kupanga matokeo, Nishitetsu ilijitoa mwaka 1972, na mmiliki mpya, aliyekosa fedha za kuiendesha timu, akaanza kuuza haki ya kuweka jina la kampuni kwenye timu: kwanza kwa Taiheiyo Club, kampuni ya viwanja vya gofu, kisha kwa Crown Lighter, watengenezaji wa viberiti vya gesi. Hao walikuwa wadhamini tu. Kampuni ya Seibu, kinyume chake, iliinunua timu yenyewe mwaka 1978 na kuihamishia Tokorozawa, mkoani Saitama, na Fukuoka ikakaa miaka kumi bila timu hadi kampuni ya maduka ya Daiei ilipowaleta Hawks kutoka Osaka mwaka 1989. Kampuni ya SoftBank iliwachukua mwaka 2005.

Usishangae kampuni kung'ang'ania jina lake litajwe, kwa maana tangu 1954 mamlaka ya kodi huiruhusu kampuni mama kuhesabu hasara ya timu inayoifidia kuwa gharama ya matangazo. Ndiyo maana jezi ya jina la kampuni huchakaa upesi: Nittaku Home Flyers walidumu msimu mmoja tu, wa 1973, na mwaka uliofuata wakawa Nippon-Ham Fighters. (Nippon Ham ni kampuni ya nyama, mimi niliwahi kudhani wanapigania paja la nguruwe.) Ukitaka jezi isiyokusumbua, chukua ya Carp wa Hiroshima, ambao hawajabadili samaki wao tangu 1950.

Kanuni yangu hukwama hasa kwa Orix Buffaloes. Orix, waliokuwa wakiitwa BlueWave, waliungana na Kintetsu Buffaloes mwishoni mwa 2004, mwaka ambao wachezaji waligoma siku mbili kupinga mpango huo. Mmiliki aliyebaki ni wa upande mmoja, nyati ni wa upande mwingine. Ukikutana na shabiki wa Buffaloes, muulize kwanza alianza kuwashangilia kabla au baada ya 2005.