Muulize Fundi Umeme: Betri mpya, taa za dashibodi bado zinacheza

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina Hilux pikapu ya zamani, dizeli, injini aina ya 3L. Nabeba viazi kutoka Uwemba kwenda Makambako, mara nyingi usiku. Taa za dashibodi zinacheza, zinafifia na kurudi, hasa gari likiwa silensa, yaani linanguruma bila kukanyagwa mafuta. Nikiwasha indiketa zinafuata mlio wake. Alama ya betri nayo inawaka kwa mbali, mpaka uikinge mwanga kwa mkono ndiyo uione. Fundi wa hapa kaniuzia betri mpya, hali ikabaki ileile. Niliporudi akachomoa temino gari likinguruma, halikuzima, akasema altaneta, ile inayozalisha umeme na kuchaji betri, ni nzima, tubadilishe dashibodi yote. Nikubali?
Msomaji, Njombe

JIBU: Marahaba. Usikubali, na pesa ya dashibodi kaa nayo.

Nianze na hilo la kuchomoa temino, maana kila gereji ninayopita nalikuta. Kwa dizeli yako halithibitishi kitu. Injini hiyo ikishawaka haidai umeme zaidi ya ule wa solenoidi (vali ya umeme) ya kufungulia mafuta kwenye pampu, kama ampea moja tu. Altaneta iliyochoka kabisa bado inaweza kuutoa. Halafu betri ndiyo inayotuliza umeme wa altaneta. Ukiitoa ghafla volti zinaruka, na daiodi au regyuleta, vifaa vya kunyoosha na kudhibiti umeme wa altaneta, vinaweza kuungua papo hapo. Akirudia mbele yako, mzuie mkono.

Tafuta mita ya umeme, hata ya bei ya chini. Asubuhi kabla hujawasha, betri iliyojaa isome kama volti 12.6. Washa, acha silensa: tunataka 13.8 mpaka 14.5. Sasa washa taa kubwa na feni ya ndani. Namba ikishuka chini ya 13, au ikiwa inapanda na kushuka bila kutulia, altaneta ndiyo mgonjwa. Kwa ile alama inayowaka kwa mbali, mimi nakisia utakuta hivyo.

Na kwenye 3L najua pa kuchungulia kwanza. Nyuma ya altaneta yake kumefungwa pampu ya vakyumu, ile inayolainisha breki, na pampu hiyo inapita oili ya injini. Sili yake ikizeeka, oili inaingia ndani ya altaneta. Inachanganyika na vumbi la kaboni, inakuwa uji mweusi, na kaboni, vile vipande vinavyopitisha umeme kwenye ringi zinazozunguka, zinanata kwenye nyumba zake. Badala ya kulala juu ya zile ringi mbili za shaba, zinagusa na kuachia, zinagusa na kuachia, na taa zako zinacheza. Zima gari, pitisha kidole chini ya altaneta. Kikitoka na uchafu mweusi wenye mafuta, umeshajua.

Hukuniambia habari za breki. Pedali imekuwa ngumu kuliko zamani? Kama ndiyo, usipakie hata gunia moja mpaka pampu iangaliwe, maana ile barabara yenu ina miteremko.

Altaneta ikishafunguliwa kutoka kwenye injini, sili na kaboni zibadilishwe siku moja. Wapo wanaoweka kaboni mpya wakaacha sili, oili inarudi palepale na wewe unarudi gereji. Ringi zisafishwe kwa petroli na msasa laini, beringi zizungushwe kwa mkono zisikilizwe. Kaa hapo uone kaboni za zamani zikitolewa.

Sasa indiketa. Taa kufuata mlio wake kunaweza kutokana na altaneta hiyohiyo, lakini pima na ethi, yaani njia ya umeme kurudi betri kupitia chuma cha gari, ni kazi ya dakika chache. Gari likiwaka na taa kubwa zikiwaka, waya mweusi wa mita uguse nguzo hasi ya betri yenyewe (siyo kibanio cha temino), mwekundu uguse chuma kitupu cha injini. Isizidi volti 0.2. Rudia kwenye bodi. Ikizidi, spana namba 10, fungua kiungo cha waya wa ethi, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, ndipo upake grisi juu. Angalia pia waya wa kutoka injini kwenda bodi. Kama injini iliwahi kushushwa, huo ndio husahaulika kurudishwa.

Vyote vikiwa sawa na taa za geji tu ndizo zinazocheza, fuata fyuzi iliyoandikwa TAIL. Taa hizo zinakula umeme pamoja na taa ndogo za nyuma, na soketi za nyuma kwenye pikapu ya mizigo hujaa maji na udongo.

SWALI: Fundi, habari za kazi. Pikapu yangu ni ya matangazo mtaani. Besi ikipiga, dashibodi inazima na kuwaka. Niongeze betri?
Msomaji, Ifakara

JIBU: Nzuri. Geuza amplifaya usome fyuzi zake. Zikiwa mbili za 30, inaweza kuvuta ampea 60, na altaneta nyingi za pikapu za zamani hutoa kati ya 50 na 70 injini ikiwa na mbio. Wewe unatembea mwendo wa miguu, hupati hata hizo. Betri ya pili itasaidia ikiwa imefungwa na rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya kuitenga, ili muziki usinyonye ile ya kuwashia gari. Lakini altaneta ndogo itashindwa kuzijaza zote mbili, kwa hiyo jioni utahitaji chaja. Kabla ya gharama hiyo punguza besi, anayetangaza mnada anataka maneno yasikike. Na waya wa amplifaya utoke moja kwa moja kwenye betri, uwe mnene, fyuzi yake ikae karibu kabisa na temino. Ikiwa mbali, waya ukichubuka kabla ya kuifikia utaungua wote, na hakuna kitu cha kukata umeme.