Ukichora Mikindani kwa wino, anza na unene wa ukuta

Nilipoanza kuchora kwa wino niliharibu karatasi nyingi sana pale Mikindani, mji mkongwe wa pwani mkoani Mtwara, karibu zote kwa kosa lilelile: nilichora nyuso za nyumba tu. Mlango upo, madirisha yametimia, lakini nyumba imesimama kama boksi tupu.

Asubuhi moja babu mmoja aliyeketi barazani kwake aliomba kuiona kazi yangu. Nikampa shikamoo yake na daftari. Akalitazama, akainuka, akaingiza mkono kwenye dirisha lake mpaka kiwiko kikazama ukutani. "Mjukuu wangu, haya ni matumbawe na chokaa. Unene huu kwako uko wapi?"

Tangu siku ile naanza na kina cha mlango. Napiga ukingo wa nje, kisha ukingo wa ndani, halafu kivuli kilicho katikati yake kwa mistari inayokatizana. Ukuta wenyewe nauacha mweupe, maana chokaa ni ile karatasi. Hapo ndipo pagumu, mkono unawasha kujaza. Usijaze! Vipande vitatu vinne vya plasta iliyobanduka vinatosha.

Nenda mapema, saa moja au saa mbili asubuhi, au subiri alasiri. Saa sita jua liko utosini na kina cha milango hakisomeki.

Jambo jingine ni boriti. Dari za nyumba hizi zilibebwa na boriti za mikoko, ambazo hazivuki sana upana wa mita tatu kutoka ukuta hadi ukuta, ndiyo maana vyumba ni vyembamba na virefu. Ukilijua hilo, vipimo vyako havitapotea. Boma la Wajerumani la mwaka 1895 linavutia, najua, ila liache kwanza. Mlango mmoja unatosha kwa wiki nzima.

Na jasho la huku kwetu ulipangie: weka kipande cha karatasi chini ya kiganja, na utumie wino usioyeyuka kwa maji. Mchoro niliouhangaikia siku mbili uliburuzwa na kiganja changu mwenyewe, na wino hauna kifutio.

Nyuma ya kila mchoro andika tarehe na mtaa. Kuna gofu nililichora kabla ya mvua, mzizi wa mti umepenya juu ya dirisha. Niliporudi baada ya masika upande ule ulikuwa chini, matumbawe yametawanyika njiani. Dirisha lile limebaki daftarini kwangu, na mzizi wake.