Kabla ya kushangilia pomboo, ulizeni nani kaondoka

Swali lenu la wiki hii mmeuliza hawa pomboo wanaoonekana siku hizi kwenye pwani ambazo hawakuzoeleka, tuwapokee kama habari njema au tuingiwe na wasiwasi. Mi niko Kigoma, mwalo wa Katonga, naanika dagaa mwaka wa kumi na mbili huu, na pomboo sijawahi kumuona kwa macho maana Tanganyika hatuna, kwetu ni dagaa, migebuka, sangala na kuhe basi. Lakini swali limenigusa kweli na jibu langu ni wasiwasi.

Video ya pomboo wanarukaruka kila mtu anashea, na ni wazuri jamani sikatai. Ila pomboo hatoki kwake kwenda kutembea tu, anafuata samaki, na samaki nao wanafuata maji. Kule California, Marekani, El Niño ya 1982 na 1983 ilipopasha bahari joto, pomboo waliokuwa wanakaa kusini wakapanda kaskazini hadi Monterey, ungesema maji yakipoa watarudi, maji yakapoa na wao hawakurudi, wamekaa jumla na baadae wakaanza kuonekana mpaka San Francisco. Mi naamini walikuta shibe huko, mtu haachi kwao hivi hivi.

Sasa kinachoniuma zaidi ni cha Scotland, pwani ya magharibi. Bahari ilivyozidi kupata joto pomboo wa maji ya vuguvugu wakaongezeka, watu wakafurahi, na kumbe wale wenye mdomo mweupe waliozoea maji ya baridi walikuwa wanapungua palepale. Yaani anayekuja anapigwa picha, anayeondoka anaondoka kimya, hakuna wa kumrekodi, na mpaka mtu aje kushtuka ni miaka imeshapita.

Kwetu ziwani ndo hivyohivyo japo hakuna aliyehamia. Chakula cha samaki wetu kinategemea maji ya chini yapande juu na rutuba yake, upepo wa kusi ndo unasaidia kuyachanganya. Maji ya juu yakizidi joto yanakaa juu ya yale ya baridi kama mafuta juu ya mchuzi, hayachanganyiki vizuri, vijimea vinapungua, dagaa anakosa cha kula, na migebuka anayemla dagaa naye anakosa. Utafiti uliotoka 2003 kuhusu ziwa letu ulikadiria mavuno ya samaki yameshuka kama asilimia 30 kwa sababu hiyo, na hapo watu walikuwa wanalaumu nyavu tu. Nyavu zina makosa yake ndio, na 2024 ziwa lilipofungwa miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei ili samaki wapumzike nilikubali japo ilitubana mno, watoto wa shule, kodi, kila kitu. Lakini kufunga ziwa hakupozi maji.

Mi ninachoomba ni kwamba wanaohesabu pomboo na wanaohesabu samaki wawaulize kwanza watu wa majini. Baba yangu mdogo anavua dagaa kwa taa tangu enzi za karabai mpaka hizi za sola, na kila akirudi alfajiri anaandika kwenye daftari, beseni ngapi za dagaa, migebuka wangapi, upepo ulikuwaje. Hakuna aliyewahi kumwomba hilo daftari. Mwezi uliopita nimeanza kuzipiga picha kurasa zake kwa simu maana panya wameshatafuna pembeni, na kuna sehemu ile safu ya migebuka ameacha kuandika namba akaweka kistari tu, usiku baada ya usiku. Zimebaki kurasa kama arobaini, nitamalizia mbalamwezi ikianza, si unajua kipindi hicho hawaendi ziwani, anakuwa nyumbani ananisomea pale mwandiko ulipofutika.