Choa, pumu ya ngozi au upele?

Ndugu, umeuliza utajuaje kama madoa yanayomwasha mwanao ni fangasi au pumu ya ngozi. Anza na ukingo wa doa. Choa, yaani fangasi wa ngozi, hutanuka kama duara: pembeni pameinuka na pana magamba, katikati pamesafika. Pumu ya ngozi haina mpaka wazi; ngozi hukauka, na hupenda mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti (kwa wachanga, mashavu). Muwasho ukizidi usiku, vipele vikiwa kati ya vidole na kwenye vifundo vya mikono, na wengine nyumbani nao wanajikuna, fikiria kwanza upele (skabi, ugonjwa wa kuambukiza unaoletwa na vijidudu vinavyochimba ngozi). Hapo mnatibiwa wote kwa pamoja.

Usitegemee wekundu. Kwenye ngozi nyeusi huonekana kahawia, zambarau au kijivu. Na tafadhali sana, usipake krimu ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho) kabla hujajua ni nini: hutuliza choa kwa muda na kufuta ule ukingo, huku fangasi wakizidi kuenea. Kukiwa na shaka, magamba yakwanguliwe yapimwe kwa hadubini. Ukiona doa lililopauka lisilohisi mguso, mpeleke kituo cha afya upesi, huenda ni ukoma.