Kwa wanaoanza kulea watoto wa farasi wa mbio hapa Lubumbashi

Wadogo zangu wa mazizini, na nyinyi wanafunzi wa udaktari wa mifugo wa Unilu (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) mnaokuja staji, vitabu vya farasi wa mbio visomeni sana. Ila vingi vimeandikwa kwa ajili ya Uingereza, Ufaransa na Marekani, vinahesabu miezi ya kwao, na kazi hii nusu yake ni kuhesabu miezi.

Farasi jike hubeba mimba karibu miezi 11. Wastani ni siku 340, na wapo wanaovuka 360 wakazaa salama. Kule kaskazini kila farasi wa damu safi (Thoroughbred, aina ya farasi wa mbio) anaongezewa mwaka tarehe 1 mwezi wa 1, awe amezaliwa lini. Ndiyo maana huko wanawasha taa mabandani usiku: jike akiona mwanga mrefu anapata joto (anataka dume) mapema na kuzaa mapema. Afrika Kusini siku hiyo ni tarehe 1 mwezi wa 8, na sisi wa upande huu tunaifuata. Mtoto akizaliwa tarehe 31 mwezi wa 7, kesho yake tu anahesabiwa ana mwaka mmoja, na atashindana na wenzake waliomtangulia kwa karibu mwaka mzima. Kwa hiyo usimpandishe jike kabla ya mwezi wa 9. Na kama mwenye farasi ana ndoto ya kumwona mtoto akikimbia Turffontein au Borrowdale Park, viwanja vya mbio vya Johannesburg na Harare, karatasi zinaanza kabla ya kupandisha: baba na mama wote wawe kwenye daftari la ukoo, na dume ampande jike mwenyewe. Mbegu ya kwenye sindano haikubaliwi kwa farasi wa damu safi, hata mje na daktari bingwa.

Sasa ilinganishe kalenda hiyo na mvua yetu. Mwezi wa 8 na wa 9 hapa ni vumbi na majani yaliyochomwa moto, na huo ndio wakati jike anahitaji maziwa. Weka akiba ya majani makavu mapema, kabla kila mtu hajaanza kuyatafuta. Mvua ikishika, majani yanaota, na usubi nao unaamka. Usubi ndio unaoeneza tauni ya farasi, na tauni hiyo haina dawa ya kuiponya. Ikishika mapafu, farasi hutokwa na povu puani na karibu wote hufa. Ikija polepole, vile vishimo vilivyo juu ya macho huvimba.

Chanjo ya kutoka Onderstepoort, Afrika Kusini, ipo, na jike achanjwe wakati wa kiangazi kwa ratiba ya munganga wa nyama (daktari wa mifugo), siyo ya jirani. Mtoto anapata kinga ya mama kwa njia ya maziwa ya kwanza, na kinga hiyo inapungua mwezi hadi mwezi. Hesabu mwenyewe: aliyezaliwa mwezi wa 8 anafikisha miezi sita mwezi wa 2, mvua bado inanyesha, kinga ya mama imechoka na chanjo yake ndiyo kwanza inaanza. Katika miezi hiyo kinachomlinda ni mlango. Saa 11 jioni wote wawe ndani, madirisha yana wavu wa matundu madogo sana (wavu wa mbu peke yake unapitisha usubi), na wasitoke asubuhi mpaka jua lipande. Mtu atakwambia waache wale kidogo, mwanga bado upo. Usimsikilize, hata kama ni mkubwa wako.

Kuhusu kupe: kagua masikio na chini ya mkia kila siku, na ufizi ukiona wa manjano mwite munganga siku hiyo hiyo.

Kuzaa. Kiwele hujaa wiki chache kabla, kisha nta ya manjano hujitokeza kwenye ncha za chuchu, mara nyingi siku moja au mbili kabla ya kuzaa. Majike wengi huzaa usiku, na akiona watu wamejaa mlangoni anaweza kujizuia. Abaki mtu mmoja, mwenye tochi na simu yenye chaji. Maji yakishapasuka, mtoto atoke ndani ya nusu saa: miguu miwili ya mbele, mmoja umetangulia kidogo, pua imelala juu ya magoti. Ukiona kitu kingine, piga simu wakati huo huo. Lakini kukitokea mfuko mwekundu kama mahameli badala ya ule mweupe, usipige simu kwanza. Kondo limeshaachia na mtoto anakosa hewa. Upasue, umvute mtoto kila mama anaposukuma, ndipo upige.

Baada ya hapo hesabu ni rahisi: ndani ya saa moja awe amesimama, ndani ya saa mbili awe amenyonya, ndani ya saa tatu kondo liwe limetoka. Kondo usilitupe. Litandaze chini ulikague: lina umbo kama la suruali, na miguu yote miwili ya hiyo suruali iwe mizima mpaka ncha. Kipande kilichobaki tumboni kinaleta homa na kuharibu kwato za jike, na kinaweza kumuua.

Dang'a, yaani yale maziwa ya kwanza, ni nzito, ya manjano, inanata vidoleni. Utumbo wa mtoto unapokea kinga yake vizuri katika saa za mwanzo, na baada ya saa 24 mlango huo umefungwa. Jike akivuja maziwa siku kadhaa kabla ya kuzaa, dang'a inakwisha sakafuni, kwa hiyo uwe na akiba ya jike mwingine kwenye friza. Umeme wetu mnaujua: ikishayeyuka wakati umeme umekatika, usiigandishe tena ukajidanganya kwamba una akiba. Unapoiyeyusha tumia maji ya vuguvugu, maana ya moto yanaua kinga yote.

Kesho yake asubuhi mtazame mtoto paji la uso. Likiwa na maziwa yaliyokaukia, na kiwele cha mama kimejaa kinadondoka, huyo anasimama chini ya mama lakini hanyonyi. Wageni wengi humwona amesimama pale wakafurahi. Mtoto huyo ni mgonjwa, na mtoto wa farasi aliyezaliwa jana hangojei jioni.

Chakula ndicho kinachonikera zaidi mjini hapa. Pumba za mahindi hazina bei, basi watu wanamimina ndoo nzima. Pumba zina fosforasi nyingi na kalisi kidogo, na baadhi ya majani ya kwetu, kama setaria, yanazuia hata kalisi iliyopo isitumike. Mwili unaanza kukopa kwenye mifupa, taya na uso vinavimba, farasi anachechemea bila kidonda. Anayekua anahitaji kalisi ipite fosforasi, karibu mara mbili si vibaya: luserne (majani ya alfalfa), au chokaa ya mifugo iliyopimwa. Nafaka nyingi nazo ili mtoto anenepe haraka zinaharibu viungo vyake. Mwenye farasi anapenda kuona mgongo wa mviringo, wewe tazama vifundo vya miguu. Vikiwa na joto na uvimbe, punguza ndoo, hata akinuna.

Kumwachisha ziwa ni kwenye miezi mitano au sita. Mwondoe mama, mtoto abaki kwenye boksi (chumba cha zizini) analolijua pamoja na mwenzake, au na farasi mzee mpole. Mama punguziwe nafaka siku chache kabla, na kiwele kikijaa usimkamue: kila ukikamua, anatengeneza mengine.